Maji Chini ya Bustani ya Mzee Gabrieli

Ijumaa, 7 Machi 2025

Sijawahi kumwambia mtu: darasani nikijua jibu, naliandika kiganjani, kisha nalifuta kwa mate. Afadhali humu daftarini, hakuna anayesoma.

Leo klabu ya sayansi tumepima kijito. Karatasi ya kupimia ikageuka waridi iliyokolea — naitreti, chumvi ya mbolea! Mwalimu Severin anasema mbolea yetu hushuka na Mto Ruvu mpaka unapokutana na bahari, inanenepesha mwani, kaa na kamba wanakosa hewa. Sasa inatoka wapi? Frank akatazama juu, kwenye kabichi za mzee Gabrieli. "Mwizi si ndiye yule pale!" Wote wakacheka. Mwalimu atalisema Jumapili ya tarehe 16 baada ya misa, mzee aambiwe aondoe bustani kando ya maji. Hana shamba jingine.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi peke yangu. Pale pale. Karatasi — nyeupe! Nikarudia. Nyeupe. Kabichi zipo, mzee yupo, hata kaniuliza kama nimeangusha hela majini. Mbona Ijumaa tu? Nimekula ugali bila kujua mboga ilikuwa nini. Raha lakini, kulala na swali.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejua! Kesho gulio, kama kila Jumamosi. Chini kidogo ya bustani, nyuma ya kona ya kijito, shangazi Paskalia na wenzake wanafua salfeti, magunia yaliyokuwa na mbolea ya naitreti, wapakie ndizi. Punje nyeupe za mbolea bado zimo kwenye mishono. Nikapima maji kati yao na bustani: nyeupe. Chini yao: waridi.

"Shikamooni."

"Marahaba, daktari wa mto! Maji yana homa?"

Vicheko. Masikio yakanichoma. Nikamwonyesha shangazi karatasi zote mbili, nikamweleza habari ya mzee Gabrieli. Akaacha kusugua.

"Kumbe mzee wa watu atahamishwa kwa sababu ya salfeti zangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Jumapili nikusemee, au mdomo unao?"

"Nitasema mwenyewe." Sauti ikatoka!

Mama mmoja akadakia: salfeti chafu inaharibu ndizi, sasa tukafulie wapi, mawinguni? Swali la haki. Kwenye vitabu vyangu halimo. Nikachota maji ndoo moja, nikaburuta salfeti ya shangazi mpaka migombani, mbali na kijito, nikaifulia huko. Migomba ikainywa ile mbolea. Wao wamesimama, mikono kiunoni, wananitazama. Nikarudi kuchukua ya pili.