Mshale wa Bomba la Upepo

Kwa Mama yangu mpendwa, uliyelala upande wa kiya wa kilima chetu, yaani upande linakochomoza jua, mahali nilipokuchagulia mimi na ambapo wewe hukupataka.

Shikamoo, Mama.

Ninaomba ruhusa yako nikueleze jambo. Nimezoea kuwaandikia wakubwa, na kila barua niliianza kwa kutamka kwamba mimi mwandishi ni mtu mwenye akili timamu, mwenye kuyafahamu yale anayoyaomba. Barua hii siwezi kuianza hivyo. Ninaianza kwa kukuarifu kwamba siku ya Jumamosi tutakuja na majembe kukutoa hapo ulipo. Sikutaka ushtuke. Ulikuwa mtu wa kushtuka ukiamshwa bila kuitwa jina.

Sababu ya jambo hili ni mimi.

Utakumbuka siku mwanangwa, mkubwa wa kijiji chetu, alipopita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba mgodi utalaza bomba refu kupita karibu na kilima chetu. Ulikuwa umeketi uani ukikata viazi uvianike viwe michembe. Mwanangwa alisema bomba hilo ni la upepo. Ukasimamisha kisu.

"Upepo? Upepo huu huu?"

"Huo huo, mama."

"Kwani wamekosa wa bure?"

Mwanangwa alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Mimi sikucheka. Nilikusahihisha mbele yake, kwa ukali kuliko ilivyopasa. Nilikueleza kwamba itajengwa nyumba ya mashine ya kuushindilia upepo, kisha upepo huo usukumwe ndani ya bomba hadi kwenye shimo jipya, ili nyundo za kutobolea mwamba zifanye kazi huko chini. Bomba lenyewe litazikwa ardhini, ng'ombe wasilikanyage. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Haya, basi na uzikwe," ukaendelea na viazi vyako. Sasa neno hilo linanichoma kila nikilikumbuka.

Mwanangwa alisema pia kwamba ramani ya bomba imebandikwa ubaoni huko bomani, kwamba kila mtu ana haki ya kuitazama katika saa za kazi, na kwamba mwenye pingamizi alilete kabla masika hayajaanza. Mama, unajua jinsi maneno "kila mtu ana haki" yalivyokuwa yakinifanya. Kesho yake nilivaa koti la baba. Ulinifungia michembe katika kitambaa, ukanisindikiza mpaka kwenye minyaa ya ua, ukamwambia Kabula, "Kaka yako anakwenda kutusomea serikali." Nilipanda baiskeli nikiwa nimenyoosha mgongo.

Ramani niliikuta ukutani. Karani, kijana mpole aliyehamia kutoka Shinyanga, aliinuka mezani pake akauliza, "Nikusaidie, mzee?" Nikamjibu, "Asante, bwana. Macho ninayo." Akaketi.

Ninakueleza nilichokiona, kwa sababu wakati ule nilikueleza vibaya. Kilima chetu kilichorwa kama duara. Upande wa kuume wa duara hilo palikuwa na mstari mwekundu ulioteremka kutoka juu ya karatasi hadi chini. Hilo ndilo lilikuwa bomba. Kando yake palikuwa na maneno ya Kiingereza, nami niliyapita kama mtu apitavyo nyumba asiyo na ndugu ndani yake. Nyumba ya mashine ilikuwa haijajengwa bado, na shimo jipya lilikuwa halijachimbwa, wala mimi sikujua yatakuwa wapi. Hapakuwa na kitu cha kunirudisha njiani. Ila pembeni palikuwa na mshale ulioelekea juu, na juu ya ncha yake palikuwa na herufi moja, N.

Niliitazama herufi hiyo kwa furaha, Mama. Nilijiambia, wakubwa hawa wamefanya vyema, wametuandikia kwa lugha yetu. Nikaisoma Ng'weli.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Niliamini kwamba juu ya karatasi ni ng'weli, linakotua jua. Na mtu akielekea ng'weli, mkono wake wa kuume huwa upande wa sukuma, kaskazini. Kwa hiyo nilikata shauri kwamba bomba litapita upande wa sukuma wa kilima, juu ya shamba lako la karanga. Nilimshukuru karani kwa kuniachia nafasi, nikarudi nyumbani.

Wewe uliyakubali yote. Na homa ilipokukaza, ukamwambia Kabula akunyanyue kichwa, ukaniambia mimi, "Mnizike kule sukuma, kwenye karanga zangu. Udongo ule nimeulima mwenyewe, na upepo wa ziwani unafika." Nilikuwa nimekushika mkono. Nilikujibu kwa sauti ile ya barazani, "Haitawezekana, Mama. Mahali hapo pamekwisha kuandikiwa bomba."

Ulirudisha kichwa mkononi mwa Kabula. Kisha ukasema, "Basi. Wewe ndiye msomaji."

Hukulitaja tena shamba lile. Tukakuzika upande wa kiya, nyuma ya zizi, ambako kilima kinazuia upepo.

Masika yalipokwisha, watu wa kupima walikuja na minyororo yao na vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Walipiga kambi karibu na jirani yetu Baba Kulwa, upande ule wa sukuma, naye akawachinjia mbuzi kama amchinjiavyo mgeni yeyote. Asubuhi moja Kabula alikuja mbio akiwa na ndoo tupu. "Kaka, njoo uone. Wamempigia Mama kigingi." Nilikwenda. Kilikuwa kimesimama miguuni pako, na kitambaa chake kilikuwa kinacheza. Kigingi kingine kilikuwa mbele yake, na kingine nyuma, vyote katika mstari mmoja, na mstari huo ulikupita katikati.

Mtu mwingine angejiuliza kama alikosea. Mimi niliketi nikaandika. Kabula alisimama mlangoni akauliza, "Kaka, una hakika na ile ramani?" Nilimjibu kwamba nilichokisoma nimekisoma. Nikamwandikia Bwana Shauri, mkubwa wa boma, maneno haya, nayo nayakumbuka kwa sababu niliyapenda: "Ninalalamika kwa unyenyekevu mkubwa kwamba watu wa kupima wameugeuza mstari wa ramani ya serikali, wakauondoa kwa jirani yangu na kuutupa juu ya kaburi la mama yangu mzazi, kwa sababu ya nyama ya mbuzi." Jina la Baba Kulwa nililiandika lote, pamoja na la babu yake.

Mama, huyo ndiye mtu aliyeshika upande wa kichwa wa machela yako tulipokupeleka kuzikwa.

Bwana Shauri hakuitupa barua yangu. Ninaona ingekuwa heri. Alikuja mwenyewe barazani kwa mwanangwa, pamoja na karani na ramani, na watu wakaitwa. Baba Kulwa aliketi kwenye kigoda chake, mikono magotini. Barua yangu ilisomwa kwa sauti. Ilipofika kwenye mbuzi, hakuinua uso.

Karani aliitandaza ramani chini, uani, akaweka mawe kwenye pembe zake. Akaniuliza kwa adabu, "Mzee, huu mshale uliusoma vipi?"

"Ng'weli," nikasema. "Herufi yake si hiyo hapo?"

Karani alijaribu kuuzuia uso wake usicheke. Alinieleza kwamba herufi ile ni ya Kiingereza, kwamba ndiyo inayolianza jina lao la kaskazini, na kwamba ramani zao huiweka sukuma juu, zote, hapa na kwingineko. Halafu akaondoa mawe, akaishika karatasi kwa pande zote mbili, akaigeuza taratibu hadi mshale ukaelekea sukuma ya kweli. Nikautazama ule mstari mwekundu ukizunguka duara. Ulipita mahali pa karanga zako bila kusimama, ukaja kutua upande wa kiya. Ulikuwa upande huo tangu ulipochorwa.

Hapo ndipo walipocheka. Mwanangwa aliufunika mdomo kwa mgwisho. Mama mmoja mzee alisema, "Jamani mwacheni, hata herufi ameifanya Msukuma," na kicheko kikaanza upya. Nilimwambia karani, nikitaka kuokoa kitu, kwamba mimi nilikuwa na haki ya kuitazama ramani ile. Akanijibu bila ubaya wowote, "Haki ya kutazama unayo, mzee. Hata ya kuuliza unayo. Ile ya pili ndiyo hukuitumia."

Bwana Shauri alisema kwamba muda wa pingamizi umepita, na kwamba mstari hauwezi kupindwa kwa sababu ya mwamba ulio chini ya kilima. Hata hivyo wenye bomba watangoja, nasi tukuhamishie mahali tunapopataka. Kisha akaniuliza kama ninaiondoa barua yangu. Nikasema, "Ninaiondoa." Sijawahi kusema neno fupi hivyo mbele ya serikali.

Sasa wananiita Bwana Ng'weli. Nikipita kisimani wanawake huniuliza, "Bwana Ng'weli, leo jua litatua wapi?" Nami huinama nikapita. Siwalaumu. Kinachoniumiza ni kwamba kila waniitapo hivyo, ninaisikia sauti yako ikisema, "Wewe ndiye msomaji," na sijui kama uliyasema maneno hayo kwa kuniamini au kwa kuchoka. Ningekuuliza. Lakini kuuliza, kama ujuavyo, sikuwa nikijua.

Nilimwandikia Baba Kulwa barua ya kuomba radhi. Niliifanya nzuri, Mama, Mungu anisamehe, niliifuta na kuiandika tena mpaka kila sentensi ikasimama wima. Niliipeleka jioni, naye alikuwa akikamua. Nikamnyooshea.

"Mikono yangu ina maziwa," akasema. "Sema kwa mdomo."

Nilisimama pale na karatasi yangu, na maneno yote yakabaki ndani yake. Ng'ombe alinitazama. Mwishowe nikasema, "Nimekukosea, Baba Kulwa."

"Ndiyo." Akaendelea kukamua. Baadaye akauliza, "Mama alikuwa anataka alazwe wapi?"

"Sukuma. Kwenye karanga."

"Ninajua. Aliniambia nami, akaniomba nisiwaache ng'ombe wamkanyage. Ulipomzika kule nyuma ya zizi, nikadhani hukutaka alale karibu na mpaka wangu."

Alikuwa amelibeba hilo tangu siku ya mazishi, na bado aliitikia kila salamu yangu. Aliinuka, akakiweka kibuyu kando, akajifuta mikono kwenye nguo. "Jumamosi nitakuja na jembe," akasema. "Wewe usilete kalamu."

Ndiyo maana nakuandikia leo. Jumamosi kalamu itabaki nyumbani. Karatasi hii peke yake ndiyo nitakayoileta, kwa kuwa wewe hukujua kusoma, nami nilikusomea kila karatasi iliyoingia nyumbani kwetu, hata iliyofungiwa chumvi. Nitakusomea na hii, kwa sauti, kabla jembe la kwanza halijashuka, mbele ya Baba Kulwa, na Kabula, na wale wa kisimani wakipenda kuja. Pale penye Ng'weli watacheka. Nitangoja wamalize, kisha nitaendelea.

Mengine yaliyobadilika ni machache. Kabula alipanda karanga zako kama ulivyokuwa ukizipanda, na zimetoa maua. Anasema tung'oe kiasi cha kukutosha tu, nyingine zikuzunguke. Koti la baba sikulivaa tena. Bomani nimerudi safari moja. Ubaoni palikuwa na ramani nyingine, ya barabara, na mtu wa Masumbwe alikuwa amesimama mbele yake peke yake, amekunja uso, mikono nyuma. Nilimjua vizuri mtu yule ingawa sijapata kumwona. Nikamwambia, "Ndugu, tumwite karani." Alisema macho anayo. Nikamwita karani.

Ninakuahidi, Mama, kwamba karatasi yoyote watakayoibandika kwa ajili ya watu wote, sitaisoma tena peke yangu na kuwaletea watu hukumu. Na ninakuahidi jambo dogo la Jumamosi. Tutakapofika shambani, sitawaonyesha watu mahali. Nitaliweka jembe chini, nitamgeukia Baba Kulwa, na nitamuuliza mbele ya wote, "Baba Kulwa, sukuma ni wapi?" Yeye atanyoosha mkono. Nitautazama mkono wake, nami hapo ndipo nitakapoanza kuchimba.

Upepo wa ziwani utakufika huko. Ni ule wa bure.

Lala kidogo tena hapo ulipo, Mayu, mama yangu. Jumamosi tutakuita kwa jina kwanza.

Ni mimi mwanao,
Masalu