Kozi ya Kumi na Tatu

Nyamisega, Butiama
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Kaka yangu Masatu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe na wifi Pelagia? Na yale masikio yanaendeleaje? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo tangu Agosti limejifanya mtabiri wa mvua. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho tuliongea nusu saa, kila mtu na habari zake. Miaka thelathini kando ya mashine ya zege si mchezo. Kwa hiyo nakuandikia, na konda Paschal ataifikisha barua mpaka kwako Kamunyonge.

Habari kubwa ni kwamba wamenichagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa shule. Ndiyo, mimi, wa darasa la saba. Nilikuwa nimeinama natafuta kiatu changu chini ya benchi, nilipoinuka nikakuta mikono yote iko hewani. Nikasema basi, Mungu ana sababu zake.

Kazi yenyewe ni hii. Kijiji tunainua kuta za madarasa mawili yaliyoungana, kwa nguvu zetu, mpaka lenta, ule mkanda wa zege wa juu. Serikali itapaua. Injinia wa wilaya anakuja Ijumaa tarehe 8 Novemba. Akikuta lenta imemwagwa sawasawa na ramani, mabati ni yetu na Januari shule inafunguliwa. Asipoikuta, mabati yanakwenda kijiji kinachofuata kwenye orodha yake. Mjukuu wangu Dorah anaanza la kwanza Januari, na shule iliyopo unaijua, iko ng'ambo ya mto. Masika iliyopita mama mmoja aliteleza na watoto wawili mgongoni. Walishikwa na tawi, na lile tawi nasema ni malaika. Dorah wangu simpeleki kwenye maji yale.

Shida ilikuwa watu. Siku ya kwanza walikuja sita, na kati ya hao wanne walikuja kuangalia. Nikasali novena. Siku ya tisa nikapata wazo: watu wa kitongoji cha Juu wajenge darasa la kulia chini ya fundi Werema, watu wa Chini wajenge la kushoto chini ya fundi Enos. Unawajua. Hata kanisani wanaimbaga kwa kuzimana. Kaka, tangu Jumatatu hakuna anayekosa kazini, mpaka wagonjwa wamepona.

Wewe umesimamia majengo makubwa. Nishauri.

Mdogo wako,
Matrida

*

Bunda
Alhamisi, 24 Oktoba 2024

Mdogo wangu Matrida,

Milele amina. Mimi na Pelagia tuko Bunda tangu mwanzo wa mwezi, binti yetu Flora amejifungua mtoto wa kiume mwenye sauti ambayo hata mimi naisikia. Barua yako ilikaa kwa jirani siku kumi na tano. Nimeipata leo. Pole na goti.

Kwanza, hongera. Pili, usigawe jengo. Jengo si nyama ya sikukuu. Nimefanya kazi hii toka ujana wangu, na kila jengo nililoliona likigawanywa lilikuja kuonyesha mahali lilipokatwa. Kamba iwe moja, fundi mkuu awe mmoja, na kuta zipande pamoja. Ramani za madarasa haya nazifahamu: kozi kumi, yaani mistari kumi ya tofali, halafu lenta. Si tisa, wala kumi na moja.

Simamisha mashindano hayo mara moja. Natumaini bado wako kwenye kozi ya tano au ya sita.

Kaka yako,
Masatu

*

Nyamisega
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Kaka,

Tumsifu Yesu Kristo, na hongera ya mjukuu. Salamu zangu kwa mzazi, mwambie anywe uji wa ulezi hata kama hautaki.

Wamefika kumi na tatu.

Usinigombeze, nimeshajigombeza mwenyewe. Nilikwenda Musoma kwenye semina ya akina mama siku nne, hata kwako nilipita nikakuta kufuli. Niliondoka Juu wakiwa kwenye kozi ya kumi na Chini ya tisa, nikawaambia wakifika kumi waweke vifaa chini. Chini walifika kumi, wakaona kulingana ni aina ya kushindwa, wakaongeza moja. Juu wakaongeza mbili. Chini wakaongeza mbili nyingine. Nilipoteremka kwenye gari nilidhani wanajenga kanisa. Ukisimama ndani ya darasa la Chini unaona mbingu peke yake, kama nabii Yeremia kisimani.

Nikamwambia Werema ashushe kozi mbili zake. Akaniambia, "Mama mwenyekiti, mimi nishushe, halafu Enos abaki juu yangu? Wajukuu zake watakuja kuniambia nini?"

Nikaenda kwa Enos. Huyu alivua hata kofia. "Mama, sisi tumeishi chini ya hawa watu tangu uhuru. Hata maji wanayofulia yanashukia kwetu. Leo ndiyo mara ya kwanza tunawatazama kutoka juu. Tuombe chochote, kushuka usituombe."

Kila mmoja anasema mwenzake aanze. Zimebaki siku kumi na mbili. Jana Dorah aliniuliza kama darasa lake ni lile refu au lile refu zaidi. Nilikwenda kukamua ng'ombe ambaye alikuwa ameshakamuliwa.

Nifanye nini?

Mdogo wako,
Matrida

*

Bunda
Ijumaa, 1 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Milele amina. Nimesoma barua yako mara mbili na Pelagia ameninyang'anya mara ya tatu kwa sababu nilikuwa natoa sauti.

Hakuna ujanja. Zibomolewe mpaka kumi, zote mbili. Udongo wa saruji bado haujakomaa, tofali nyingi zitatoka nzima. Zitakazovunjika zimwage sakafuni ziwe kifusi.

Na lingine ulijue kabla hujaharibikiwa tena. Lenta ni moja. Inazunguka madarasa yote mawili kama mshipi kiunoni, na inamwagwa siku moja bila kukatwa. Ukimwaga nusu leo na nusu kesho, pale katikati pataachana. Kwa hiyo lazima wamwage pamoja, wakipenda wasipende.

Namna ya kuwashusha sijui. Mimi nilikuwaga na nguvu ya kumfukuza mtu kazi. Wewe huwezi kumfukuza mtu kijijini kwake. Hapo elimu yangu imefika mwisho, nakuachia wewe na novena zako.

Kaka yako,
Masatu

*

Nyamisega
Jumapili, 10 Novemba 2024

Kaka yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mmerudi Kamunyonge salama. Hapa kila mtu anaumwa mgongo, ila ni maumivu ya heri.

Barua yako niliipokea Jumapili iliyopita. Jumatatu nikaenda kwa Werema. Nikamwambia, "Ukuta wa Enos umezidi kozi tatu, unahitaji wanaume wa kuushusha."

Akasema, "Yeye mwenyewe je?"

"Enos amesema haugusi."

Kabla sijamaliza alikuwa ameshika sururu. Nikateremka kwa Enos, nikamwambia maneno yale yale juu ya ukuta wa Werema, ila kozi mbili. Huyo sururu ilikuwa mlangoni tayari. Sikusema neno hata moja la uongo, Kaka. Lakini moyo haukutulia, nikamweleza katekista. Alicheka mpaka akakaa. Amenipa rozari moja, ya tahadhari tu.

Jumanne saa moja asubuhi, watu wa Juu walikuwa wamepanda ukuta wa Chini, na watu wa Chini wamepanda ukuta wa Juu. Sijawahi kuona kazi yenye furaha namna ile. Nilikuwa nimefunga kamba nyekundu kwenye kozi ya kumi, nikatangaza kwamba atakayevuka kamba atajibu kwa Mungu. Watu wa Chini walivuka. Walisema vumbi liliwazuia kuiona. Ikabidi kozi ya kumi ya darasa la Juu Enos airudishe kwa mkono wake, Werema amesimama chini yake na pima maji.

"Enos, hilo tofali limelala kama shemeji yako."

"Mwache shemeji yangu, lete udongo."

Basi wakaendelea hivyo hadi jioni, na nikaona hawajagundua kwamba wanafanya kazi pamoja. Sikuwaambia.

Alhamisi lenta. Wanaume juu, akina mama mstari mmoja, karai kwa karai, Juu na Chini wamechanganyika kwa sababu karai halina kitongoji. Zege lilipokaribia ukuta wa katikati pande zote mbili zikapunguza mwendo, kila mmoja akingoja mwenzake amalizie. Nikaona pale mahali ulipopasema, panakuja kuachana mbele ya macho yangu. Nikajitwisha karai, nikapanda ngazi na goti langu hili hili, nikamwaga pale katikati. Nikawaambia, "Endeleeni kupumzika, mwenyekiti atamaliza." Goti liliniuma, lakini lilisaidia. Walinishusha kwa heshima, na saa tisa lenta ilikuwa imefunga.

Juzi injinia alikuja. Kumbe ni binti, anaitwa Recho, mpole ila macho makali. Alipima, akatafuna kalamu, akapima tena. Akauliza darasa la kulia limejengwa na nani. Juu wakanyoosha mikono. Chini nao wakanyoosha, kwa sababu kozi ya kumi ni ya kwao. Akauliza la kushoto, yakawa yale yale, maana Juu ndio waliolishusha. Akatazama fomu yake, akaandika "wananchi wote." Akapitisha.

Mabati yanakuja mwanzo wa Desemba. Nimelia kidogo, nyuma ya rundo la kokoto.

Mdogo wako,
Matrida

*

Nyamisega
Jumapili, 19 Januari 2025

Kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Heri ya mwaka mpya kwako na wifi. Goti linasema mvua ziko karibu, na mto umeanza kujaa.

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Dorah aliondoka na sare yake, na saa sita alirudi amenuna, hataki hata viazi. Nikadhani amechapwa. Nikambembeleza mpaka akasema.

"Bibi, shule iko karibu mno."

Anasema watoto wakubwa wamemsimulia siku zote habari za njiani: mapera, mbio, mawe ya kurusha mtoni. Yeye amehesabu hatua mia moja na arobaini, akawa amefika. Tena akikaa dirishani ananiona jikoni kwangu, na mwalimu ananiona vilevile, kwa hiyo hawezi kusema amechelewa kwa sababu ya safari. Ameuliza kama inaweza kusogezwa.

Nimemwambia kuna babu yake Kamunyonge anayejua majengo, nitamwandikia nimuulize. Anasubiri jibu lako, tafadhali mjibu taratibu.

Mdogo wako,
Matrida