Sauti ya Mume Wangu Kinywani mwa Shemeji

Mama Kudra mpendwa,

Nishike mkono, maana nimebanwa na swali ambalo siwezi kumuuliza mtu wa nyumbani. Naitwa Fabiola, mshonaji wa hapa Cibitoke, mjane. Marehemu mume wangu, Mawazo, alikuwa fundi rangi lakini moyo wake wote ulikuwa kwenye kuigiza, na mwaka jana yeye na rafiki yake Hugues walitengeneza filamu yao wenyewe bila kampuni yoyote nyuma yao, ya mpakuzi wa mizigo bandarini aliyeshuhudia mauaji na sasa wauaji wanamwinda, na Mawazo ndiye huyo mpakuzi, basi walipomaliza tu kupiga picha malaria ikamchukua, nikabaki nanusa mashati yake.

Halafu Hugues akagundua upepo wa ziwa umemeza maneno yote, picha safi lakini sauti hakuna, akamwita Prodige, mdogo wake Mawazo, ambaye sauti yake na ya kaka yake hata mama yao alizichanganya kwenye simu, ayaseme upya, nami nikaombwa nikae studio nimwelekeze Mawazo alivyokuwa akitamka. Kuna mahali mpakuzi anakimbia, anagonga kwa mkewe, anasema, "Fungula, bibi yangu, ni mi." Prodige aliposema hivyo niliinuka kwenda kufungua mlango.

Tangu hapo Prodige hupita ninaposhonea, nami humwomba ayaseme tena maneno yale, nafumba macho, mwili mzima unaitika. Juzi ameniambia, "Fabiola, tuoane. Mama amekubali." Nikamwomba kwanza aseme yale ya mlangoni. Akauliza, "Unanipenda mi, ao unamusikiliza yaya Mawazo?" Nikainama nikaendelea kushona. Filamu inaonyeshwa Jumamosi. Mama, nampenda nani?

Fabiola, Cibitoke

*

Fabiola,

Pole, mwanangu. Kumtamani mume aliyelala kaburini si dhambi, na masikio hayajui msiba. Lakini nitakugombeza. Unamfungulia Prodige kama redio! Yeye anakuletea moyo wake, wewe unamwomba sauti ya marehemu. Mtu akishauliza swali kama lile ujue tayari ameumia.

Soma tena ulichoniandikia. Mawazo nimemjua: kazi yake, ndoto yake, rafiki yake, mpaka mashati yake. Prodige je? Anafanya kazi gani? Nini kinamchekesha? Hukuniambia hata moja. Kwa leo, basi, humpendi, humjui.

Usimwombe tena maneno yale, hata akijitolea mwenyewe. Mwite mbele ya mama mkwe wako, umwambie wazi: "Bado namlilia Mawazo, usiningoje." Usimwachie ahadi tupu ainyonye kama mtoto kidole. Akiendelea kuja kama shemeji, mkaribishe, umsikilize akisema yake, macho wazi. Ikiwa kuna kitu kitaota, kitaota chenyewe.

Na Jumamosi uende. Kaa karibu na mama mkwe, si karibu na Prodige. Mtazame mume wako mpaka taa ziwake, na kilio kikija, kiachie kwa sauti. Watu watadhani unalilia filamu.

Mama Kudra