Shada Lililopita Jiwe la Mashujaa

Datchley, karibu na Windsor
Jumapili

Kwako dada yangu Beryl,

Salamu nyingi zikufikie huko Kanada kwenye baridi yenu ya kugandisha ndevu. Natumai u mzima, na shemeji goti lake limeacha kumsumbua. Sisi afya tunayo, ila mimi hasira zimenijaa tangu harusi ya mwanangu Tamsin, na nisipokuandikia nitapasuka. Mimina chai, ukae.

Kwanza huyu mama mkwe wa Tamsin, Bi Philippa. Unajua mimi dunia nimeitembea, lori nimeliendesha mpaka Ureno, pweza nimemla kwa mikono, lakini mwanamke kama yule sijapata kumwona. Harusi ya kifalme ilipangwa Jumamosi ya jana. Akataka yetu itangulie wiki moja, eti wafalme ndio waonekane wametuiga. Pete lazima dhahabu ya Wales, kama zao. Kijitawi cha mhadasi lazima kiwemo kwenye shada, kwa kuwa mabibi harusi wa kifalme hubeba. Keki ya matunda makavu iliyoshiba brandi, ghorofa tatu, na ile ya juu itunzwe hadi ubatizo wa mtoto ambaye hata mimba yake haijatungwa. Kofia yake, dada, ndege ya abiria ingetua juu yake.

Nikamwambia sawa, mama, lakini sisi kina Tapscott desturi yetu ni moja tu, nayo imetoka hukohuko kwa wafalme: shada la bibi harusi haturushi. Bibi yetu aliona gazetini yule bibi harusi wa kifalme aliyelaza shada lake kwenye kaburi la Askari Asiyejulikana, maana kaka yake hakurudi vitani. Bibi naye kaka yake hakurudi. Akaolewa mwaka uleule, akalaza lake kwenye jiwe la mashujaa mbele ya kanisa hapa kijijini, lililochongwa majina ya waliokufa vitani. Mama akafuata, na wewe ukafuata. Bi Philippa akacheka, akasema hayo mambo ya mazishi, mzee, wasichana wanataka kudaka maua, na mpiga picha yuko tayari. Nikamwuliza, pete umeiga, keki umeiga, kilichokushinda ni majonzi tu? Akaniambia nirudi kwenye lori langu. Nikamjibu kwamba lori langu angalau linajua linakokwenda. Tukazozana hivyo hata bwana harusi, Giles, maskini, akawa anajifungia bafuni akisikia simu inaita.

Tamsin mwenyewe alinyamaza tu, nami nikajua nimeshinda. Siku ilipofika, ibada ilipokwisha, nikawahi kusimama kando ya jiwe, kifua mbele, kama jenerali anayesubiri gwaride. Bi Philippa alikuwa amewapanga wasichana kwenye nyasi kama kuku wanaongoja mtama. Tamsin akatoka, akawapita. Nikamkonyeza Bi Philippa. Lo, si akanipita na mimi! Jiwe akalipita! Nikaropoka mbele ya kasisi, we mtoto, umepofuka, jiwe si hili hapa! Hata shingo hakugeuza. Nikamfuata nikifoka mpaka nyuma ya kanisa, kule kwenye magugu, nikamkuta amepiga magoti topeni na gauni lake jeupe, analaza shada kwenye kaburi la Leonard.

Leonard wetu, dada. Mdogo wetu aliyerudi kutoka vita vya Falkland bila mkwaruzo, tukashangilia kijiji kizima, kisha akajitoa uhai kwenye banda la baba. Baba akasema jiwe ni la waliofia vitani, na jina hilo lisitajwe tena mezani kwake.

Tamsin akaniambia, bila kuinuka, kwamba pale kwenye jiwe kila Novemba, siku ya kuwakumbuka mashujaa, maua hayana pa kukaa, lakini baba mdogo Leonard nani anamletea? Akasema hata wafalme wanampelekea maua mtu wasiyemjua jina; sisi wetu jina tunalijua na tunalimeza. Nikamwuliza kafundishwa na nani. Ndipo akakutaja wewe.

Beryl! Kumbe siku ya harusi yako, watu walipoondoka kwenda kula, ulirudi kwenye jiwe, ukachomoa waridi zote nyeupe, ukampelekea Leonard! Mtoto wangu unamwambia kwenye simu, mimi huniambii! Mimi ni nani kwako, paka wa jirani? Ungeniambia ningekuja nikakushikia japo mwavuli. Nimekasirika, na ukija nitakufokea uwanja wa ndege mbele ya abiria wote, kisha nitakukumbatia mpaka mbavu zilie.

Bi Philippa naye alitufuata hadi kaburini. Nikajiweka tayari kwa vita. Akasimama, akaivua ile kofia, akaishika kifuani.

Sasa dada, nikuambie jambo ambalo hapa halijui mtu. Jana kijiji kizima kilikuwa ndani kikitazama harusi ya kifalme, barabarani hata mbwa hayupo. Nikachukua nyundo na patasi, nikaenda kwenye jiwe mchana kweupe. Kila dirisha lilikuwa linamshangilia bibi harusi, na mimi nagonga. Leo asubuhi baraza la kijiji limepiga kelele kwamba jiwe limeharibiwa, na lawama wamewatupia vijana wa kituo cha basi. Kikao ni Alhamisi. Nitavaa tai, nitawaambia mhuni ni mimi, na wakilifuta nitalichonga tena.

Nafasi ilikuwa finyu, herufi ya mwisho imejikunja kidogo. Lakini ukisimama barabarani linasomeka vizuri, dada: Leonard Tapscott.

Msalimu shemeji na watoto. Tamsin na Giles wanakusalimu. Njoo.

Ndimi mdogo wako mwenye hasira,
Norris