Dakika Kumi na Moja za Mama

Kenmore, Buffalo

Kaka Damas,

Nilichopoteza ni dakika kumi na moja, na nilizipoteza siku mliyomzika mama, miaka sita iliyopita, ulipozima simu. Nimeanza na hilo lisije likazama kwenye salamu. Sasa shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na wifi, sukari imeshuka? Sisi wazima, ila theluji imefika dirishani.

Nikukumbushe. Nilikuwa Louisville, kwenye lile ghala la vifurushi, wakaninyima ruhusa. Saa tatu asubuhi kwangu, saa kumi jioni huko Songea. Nimekaa ndani ya gari, natazama mazishi kwenye simu uliyoshika wewe. Mara akatokea Bi Mgaya, mtani wetu, yule Mhehe aliyekuwa akija kila Jumapili kutukanana na mama mpaka chai inapoa. Kavaa kitenge cha mama cha bluu na miwani yake, anachechemea mguu wa kushoto vilevile, anamwigiza mama kama watani wafanyavyo msibani.

"Nani kagusa chungu changu? Nimelala kidogo tu mshaharibu jiko! Na nyie Wangoni, mnalia kwa zamu kama mko foleni ya maji?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka huku nalia. Akaigeukia simu: "Na yule wangu wa Marekani…"

Kiza. Ulipopiga tena, saa ya gari ilikuwa imetembea dakika kumi na moja na kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Ukasema mtandao. Mwaka jana wifi kanieleza ukweli: uliona aibu, Wazungu wasije wakatuona tunacheka msibani. Kaka, Wazungu gani? Garini nilikuwa peke yangu.

Kwa sentensi tatu na nusu hizo nimejenga kazi, na hakuna aliyenishika mkono. Kule Shively, kando ya Louisville, ukumbi wa kanisa, watazamaji kumi na tisa, saba kati yao waigizaji wenyewe. Columbus miaka mitatu: asubuhi naogesha wazee, mchana naandika. Tamthilia nne, na katika kila moja kuna mtu kavaa nguo za marehemu. Gazeti moja likaniita mwandishi wa tamthilia wa Kimarekani. Nikamkumbuka mama akiigiza padri anayetafuta miwani iliyo usoni kwake, wewe umelala chini kwa kicheko, mimi nashika mlango. Chuo changu ni ule uwanja wa nyumbani kwetu.

Sasa nina ukumbi wa viti mia mbili na kumi na viwili hapa Buffalo, tunafungua baada ya wiki tatu. Tamthilia ni mazishi ya mama. Bi Mgaya anaigizwa na Mama Furaha, Mkongo wa Lackawanna, jirani na hapa. Jana alisimama katikati ya mazoezi, kavua miwani.

"Bon, dada, kila siku tunafika hapa. 'Yule wangu wa Marekani', kisha? Alikutukana ao alikubariki? Mi nilie ao nicheke?"

Nimemwandikia majibu tisa. Yote matamu. Mama hakuwa mtamu kiasi hicho.

Bi Mgaya naye tumeshampoteza. Nasikia mazishini kwake wewe ndiye uliyevaa kilemba chake, ukakohoa kama yeye, mpaka wanawe wakashika mbavu. Basi aibu ilikwisha, na masikio yako ni mazima. Wengine nimewauliza, wanakumbuka kicheko tu; wewe uliyeshika simu ndiye shahidi pekee niliyebaki naye.

Nisalimie shangazi anayetunza ufunguo wa sanduku la mama, na binamu fundi aliyetengeneza jeneza. Wifi mwambie simlaumu kwa kunitobolea siri.

Nataka sentensi nzima, kama ilivyotoka kinywani, bila kuipaka asali. Alisema nimemtupa? Andika nimemtupa. Kama ni tusi, niletee tusi lote, ni langu. Jumamosi, saa sita mchana ya kwenu, nitakuwa ndani ya gari, simu mkononi. Na yule wake wa Marekani, kafanyaje?

Mdogo wako,
Skola