Nipake Nikiwa na Joto

Yeyo,

Koko amenikataza kulitaja jina lako. Unamjua nyanya yangu. Kwake mtu aliyekufa huachwa apumzike, na kumwita jina ovyo ni kama kumvuta shuka amelala. Basi silitaji. Nitakuita Yeyo, kama nilivyokuita miaka saba yote ile kwenye kibanda chako cha hina. Hukuwa mama yangu wa kunizaa, ila wateja wengine waliapa kwamba tunafanana hadi kucha. Kuandika hajanikataza. Nilimuuliza mara mbili ili kuwa na uhakika.

Nakuandikia kwa sababu ya vidole vyangu.

Vitatu vya mkono wa kulia, kuanzia gumba, vilikaa rangi ya chungwa miezi mitano. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hina ikibanduliwa huacha rangi ya chungwa, ikifika siku ya pili inakuwa kahawia, na baada ya wiki mbili au tatu inaenda zake. Wengine husema imekolea. Wewe ulisema imeiva, kama ndizi. Hii yangu haikuiva na haikuenda. Niliisugua kwa chumvi, nikaisugua kwa limau na kwa jiwe la miguu, nikafua mablanketi ya nyumba nzima kwa mkono. Wapi.

Ilinishika siku ile, na siku ile pengine unaikumbuka kuliko mimi. Ulikuwa kitandani kwako Noonkopir, dirisha wazi, upepo ukituletea vumbi la barabara ya Namanga. Ulikuwa umekonda hadi pete yako ikafungwa uzi isidondoke. Ukasema, "Nashipae, nipake huu mkono wa kushoto." Nikakwambia tungoje kwanza upate nguvu. Ukanitazama jinsi ulivyokuwa ukimtazama mteja anayetaka kuosha hina baada ya dakika kumi.

"Nipake nikiwa na joto," ukasema.

Nilidhani unazungumzia homa. Sikuwa na koni ya kuchorea, sikuwa na glavu. Ukasema nitumie vidole, maana unataka kujua ni nani anayekugusa. Nikachora ua moja tu kwenye kiganja, na mstari unaopanda hadi kidole cha mwisho. Ilikuwa kazi mbaya, Yeyo, kazi ya mtu anayelia, na ungeniambia nifute nianze upya. Ulisinzia hina ikiwa mbichi mkononi. Baadaye Silantoi aliingia na uji wako, akasimama mlangoni, na mimi na huyo binti yako tukajua kabla hata ya kukugusa.

Mimi ndiye niliyeibandua hina ile. Chini yake ua lilikuwa limeshika kidogo tu, rangi ya papai. Na nilijua halitaendelea, kwa sababu hilo ulilirudia hadi likanichosha: hina haiivishwi na jua, inaivishwa na damu ya mwenye mkono. Mteja wa mikono baridi tulimfunika kwa leso na kumpa chai ya tangawizi. Wewe ulikuwa unaenda kwenye friji la mochari siku nne.

Sasa nieleze mimi. Siku ya mazishi kule Ewuaso Kedong, walipofungua jeneza tukuage, mkono wako wa kushoto ulikuwa umelala kifuani, kiganja juu, na ua lilikuwa limeiva. Si kahawia ya kawaida. Lilikuwa jekundu lililoingia weusi, kama ini. Silantoi alinishika kiwiko akaninong'oneza, "Ni nani alirudia kumpaka?" Nikamwambia hakuna. Pasta akaendelea kuomba. Nikatazama vidole vyangu, vilivyoshika hina ile ile, tena viko kwenye mwili unaotoka jasho juani, na bado vilikuwa vya chungwa. Vilikuwa baridi pia. Niliviweka kwapani ibada nzima na havikupata moto.

Nilifungua kibanda baada ya wiki mbili. Mkebe wako wa unga wa hina ulikuwa pale pale, ule wa kakao, na ndani yake lile tundu la kidole. Usicheke. Ulidhani sikujua kwa nini ulikuwa ukibonyeza kidole juu ya unga kabla ya kufunga? Ulikuwa ukinipima kama nimechota bila kukuuliza. Mwaka wa kwanza nilichota kweli, nikabonyeza cha kwangu, na ulinijua papo hapo kwa sababu kidole chako cha shahada kilikuwa kimepinda. Tundu lile la mwisho sikutaka kuliharibu. Nikawa nachota pembeni, kando ya mkebe, kijiko kwa kijiko.

Na hina ikakataa kuiva.

Yule bibi wa Kiserian anayepaka mvi zake, anayeiita hina yetu olkaria ya dukani, ndiye aliyesema kwanza. Anajua anachosema, maana ujanani alipakwa olkaria ya kweli, ile ya udongo mwekundu na mafuta. Nilimpaka kichwa, nikamfunga nailoni, akakaa saa tatu. Nywele zikatoka rangi ya karoti. Hakukasirika na rangi. Alijishika utosi akasema, "Hii yako iko baridi, mtoto. Imeniingia mpaka kwa mifupa." Nikamwambia hina hupoza, ndiyo maana watu huipaka visigino vilivyopasuka, ndiyo maana wewe uliwapaka wenye nyayo zinazowaka moto, ukiwaambia kila mara kwamba wewe si daktari. Akatingisha kichwa. "Najua kupoa," akasema. "Hii si kupoa."

Wengine walifuata. Mikono ilibaki ya chungwa, kisha rangi ikafutika siku ya tano. Msichana mmoja aliniomba niweke kiganja changu juu ya chake kwa sababu ganzi ilikuwa inampanda. Nilimshika. Vidole vyangu vilikuwa baridi zaidi, na akajiondoa polepole kwa adabu.

Ungekuwepo ungeuliza swali moja: kwa nini sikununua unga mwingine. Niliogopa, Yeyo. Niliona nikiufungua mkebe mwingine ndipo utakuwa umekufa. Halafu kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Mkebe haukuwa unapungua. Nilichota asubuhi, nikachota mchana, na unga ulibaki pale pale kwenye ukingo, na tundu la kidole chako lilikuwa katikati, halijabomoka hata chembe.

Basi Silantoi akaja kuniambia tarehe ya harusi. Ulikuwa umemwekea ahadi tangu akiwa shule: "Mikono ya Silantoi ni yangu. Hata nikiwa wa kubebwa, mtanibeba." Alikaa kwenye kiti chako akanyoosha mikono yote miwili. "Wewe ndiye umebaki nayo," akaniambia. "Nataka iive kama ya mama ile siku." Nikamjaribia jani moja dogo kwenye kifundo. Siku ya tatu alirudi, akanionyesha jani la chungwa, akashusha mkono wa sweta. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama mama yake amekasirika na hiyo harusi.

Hilo ndilo lililonimaliza. Nikaenda dukani nikanunua pakiti ya rangi nyeusi ya nywele.

Ninajua. Kovu lako nililiona kila siku ya Mungu, ua la petali tano kwenye kifundo cha mkono wa kulia, limevimba na linang'aa. Ulinisimulia jinsi wewe na wenzako mlivyokuwa wasichana kule Magadi kwenye nyumba za kampuni, mkachanganya rangi ya nywele na hina ili muwe weusi kama maharusi wa Pwani, na jinsi jirani yenu, yule mama wa Pwani aliyekufundisha kazi, alivyokukuta unalia na akakusafisha huku akikutukana. "Nyeusi haiivi, Nashipae. Nyeusi inaunguza tu." Nilijua, na bado nilikoroga. Jambo moja tu nilikutii: nilijijaribia kwanza. Nukta moja kwenye kifundo, ukubwa wa punje ya dengu.

Kesho yake niliamka nikijikuna. Palikuwa na malengelenge. Nilihesabu mara tatu nikiwa nimesimama kwenye mwanga wa dirisha: petali tano. Nilikuwa nimeweka nukta, Yeyo. Nukta. Nikaitupa ile pakiti kwenye choo cha shimo na bakuli lake pia.

Wiki hiyo Koko alitoka Kajiado kuniletea maziwa. Kibandani haingii, kwa sababu jina lako liko kwenye kibao juu ya mlango, hata kama hasomi. Alikaa nje kwenye stuli na mimi nikamweleza yote, nikianzia mkono wako hadi kifundo changu. Akasema nimletee mkebe. Akaingiza mkono pembeni, akautoa haraka, akaufuta kwenye shuka.

"Umechota hii miezi ngapi?"

"Mitano."

"Na iko vile vile?"

Nikakubali kwa kichwa. Akalitazama lile tundu la kidole muda mrefu. Sijawahi kumwona Koko akimhurumia mtu kwa uso namna ile, na sikujua kama ni mimi au ni wewe.

"Wewe unachota, yeye anarudisha," akasema. "Kila siku unamwamsha afanye kazi. Huyu mama amechoka. Mpelekee kitu yake."

Tulienda na Silantoi asubuhi iliyofuata. Kaburi lako ni zima, ile miiba waliyozungushia ng'ombe wasipite bado imesimama, na upepo wa kule unaujua, ulitaka kunivua kilemba. Nikafungua mkebe. Kabla ya kuumwaga nilifanya nilichokuwa sijathubutu miezi mitano. Niliingiza kidole changu kwenye tundu lako. Chini kabisa palikuwa na joto. Joto la mtu, Yeyo, kama godoro ambalo mwenyewe ameinuka sasa hivi. Nilikaa hivyo hadi Silantoi akaniita kwa jina.

Nikamwaga. Mkebe uliokuwa umejaa hadi ukingoni ulitoa konzi mbili tu za unga, nikabaki na bati tupu. Upepo ulikuwa unapeperusha majani na vumbi na sketi zetu. Unga wako ulishuka wima ukakaa juu ya mawe kama umewekwa kwa mkono.

Nilinunua unga mpya. Niliupitisha kwenye soksi ya kike kama ulivyotaka, nikakoroga kwa limau, nikatia mafuta ya karafuu, na Silantoi alipotaka tuanze mara moja nilisikia mdomo wangu ukisema, "Iache ilale kwanza," kwa sauti ambayo haikuwa yangu sana. Ililala. Siku mbili kabla ya harusi nikampaka kuanzia asubuhi. Mkono wa kulia nilichora kwa ufundi wote ulionipa. Nilipofika kiganja cha kushoto, vidole vikaenda vyenyewe: ua moja, na mstari unaopanda hadi kidole cha mwisho. Kazi mbaya ile ile. Nilitaka kuifuta. Silantoi akafumba mkono, akakataa.

Asubuhi ya harusi hina ilikuwa nyekundu iliyoingia weusi, kama ini. Alinusa kiganja chake akalia hadi waliompamba wakanigombeza. Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu. Vitatu vyote vilikuwa vimeiva usiku huo, na vilikuwa na moto.

Nimefikiri sana kuhusu joto lililoivisha ua lako kule kwenye friji. Nadhani ulilichukua kwangu. Ulisema nitumie vidole, unataka kujua ni nani. Kama ni hivyo, sikunyimi. Ungeniomba ningekupa mkono mzima.

Lakini kilichoiva huondoka, hilo pia ulinifundisha. Gumba limeanza kufifia. Miezi mitano nililisugua nikiliomba liende, na leo nimelificha kwenye glavu nikiosha vyombo, ili likae siku moja zaidi. Nacheka mwenyewe. Nakukosa, Yeyo. Nakukosa sana.

Nyeusi haitaingia kibandani kwetu, hilo naahidi. Na sitakuamsha tena. Kibao nimekishusha jana, Koko akaingia ndani kwa mara ya kwanza, akakagua kila kitu kama mwenye nyumba. Alipomaliza akaushika mkono wangu wa kushoto, akaufungua. Nilikuwa nimeandika humo kwa hina mpya, herufi moja moja, hadi kwenye mstari wa maisha.

"Hii ni maua gani?" akauliza.

"Ni ua tu, Koko."

Limeiva vizuri. Wiki mbili, labda tatu, litaenda lenyewe, na halitarudiwa. Lala sasa. Jina lako sijalitaja. Nimelifumba mkononi, na lina joto.

Nashipae wako