Soda ya Mkweo

Ramiro,

Tamale, yale maandazi ya unga wa mahindi, ziko kwenye sufuria, usizimalize. Mishumaa ya madhabahu ya marehemu Baba iache iwake. Na ile chupa mbele ya picha yake USIIGUSE! ~~Umenikosea sana.~~ Wapi, nacheka hadi mbavu zinauma.

Asubuhi nilipiga funda moja. Ndiyo, mimi! Nilijua ni Siku ya Wafu, wameshapita usiku kuonja tulichowawekea, na soda ya Mexico, ile ya sukari ya miwa, nani ataiacha hivihivi? Lo, ladha hamna! Utamu wa kunata tu. Nikajua Baba amekuja kweli, maana bibi alitufundisha kwamba marehemu hula ladha, sisi hutuachia makapi. Nikapiga magoti nikalia. Nikampigia dada simu, naye akaangua kilio.

Ndipo nikaona kwenye pipa la taka kopo la soda ya hapahapa Texas, ya sukari ya mahindi. Mwizi wee! Unakunywa soda ya mkweo, halafu unamjazia chupa takataka?

Nimekwenda kununua mbili: ya Baba, na ya kugawana mimi nawe.

Dada anakuja mchana kuuona muujiza. Anamleta padri. Ole wako ucheke!

Mama Itzel